Chupa Isiyoganda Julai

Asubuhi moja ya Julai, upepo ukipiga mabati ya mtaa wetu kama mdai kodi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliingia dukani kwangu na chupa mbili ndani ya mkoba. Alitoka kuzichukua Stendi ya Misuna, zimeletwa na basi kutoka kwa mdogo wake Dar es Salaam. Zote zilikuwa na lebo yenye picha ya ubongo na herufi tatu kubwa, MCT. Akazipanga juu ya kaunta. Moja ilikuwa angavu kama maji. Nyingine ilikuwa imeganda ndi, nyeupe, hata ukiipindua haisogei.

"Daktari, mama anasahau," akaniambia. "Wiki hii ameunguza sufuria mbili. Mdogo wangu anasema haya mafuta yanaamsha ubongo. Nimpe ipi, na nimpe kiasi gani?"

Mimi si daktari. Ni muuguzi niliyestaafu nikafungua duka la dawa, ila hapa kwetu ukishavaa koti jeupe cheo hicho unapewa bure. Na swali lake la kwanza, baridi ya Singida ilikuwa imeshalijibu kabla sijafungua mdomo.

Mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai mnazijua. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mafuta halisi ya MCT, ambayo hutolewa kwenye nazi au kwenye kiini cha mchikichi kisha yakachujwa ibaki sehemu nyepesi tu, hayagandi kwa baridi ya hapa. Kwa hiyo ile chupa nyeupe ilikuwa ya mafuta ya nazi, au ya mchanganyiko uliojaa nazi, lebo iseme inavyotaka. Dar, kwenye joto la Machi, chupa zote mbili zingefanana. Siwaambii kwamba kila kisichoganda ni MCT, maana hata alizeti yetu haigandi, lakini alizeti utaijua kwa rangi na harufu. MCT haina rangi, haina harufu, na ukiionja ulimi unabaki unajiuliza kama umeonja kitu.

Tofauti ya chupa hizo mbili ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mafuta yote tunayokula yamejengwa kwa minyororo ya kaboni. Alizeti inayokamuliwa hapa mkoani, ile inayotuachia mashudu ya kulishia ng'ombe, karibu yote ni minyororo mirefu ya kaboni 18. Minyororo ya kati, ndiyo inayobeba jina la MCT, ni ile ya kaboni 6 hadi 12. Wenzetu wa kemia waliipa mitatu ya kwanza majina yanayotokana na neno la Kilatini la mbuzi, kapra: kaproiki yenye kaboni 6, kapriliki yenye 8 na kapriki yenye 10. Ni kwa sababu asidi hizo zimo kwenye maziwa ya mbuzi, na ndizo zinazochangia ile harufu inayowafanya wageni wakunje pua. Mfugaji wa Ikungi anayekunywa maziwa ya mbuzi wake amekuwa akinywa MCT tangu utotoni bila kulipia nauli ya basi. Kiasi chake ni kidogo, lita nzima ya maziwa ya mbuzi haitoi zaidi ya gramu 6 hivi, lakini ni zilezile.

Mafuta marefu yakimeng'enywa huzunguka kwanza kwenye mishipa ya limfu ndipo yaingie kwenye damu. Yale ya kaboni 8 na 10 hukata kona. Hutoka kwenye utumbo yakaingia mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ini huyachoma haraka. Yakizidi mahitaji yake, ini huyageuza kuwa ketoni na kuzimwaga kwenye damu ili misuli, moyo na ubongo vijichukulie. Ile ya kaboni 12, lauriki, kwenye vitabu inahesabiwa miongoni mwa minyororo ya kati, lakini mwilini sehemu kubwa yake hufuata njia ndefu kama mafuta ya kawaida. Na lauriki ndiyo karibu nusu ya mafuta ya nazi. Kapriliki na kapriki kwa pamoja ni kama asilimia 14 tu.

Hapo ndipo mwalimu alipovuta kiti. Tulipiga hesabu nyuma ya risiti. Watafiti wanaotumia MCT kwa ajili ya kumbukumbu hutoa kama gramu 30 kwa siku, sawa na vijiko viwili vya chakula na ushee. Ili upate gramu 30 za kapriliki na kapriki kutoka kwenye mafuta ya nazi ya kawaida, utakunywa zaidi ya gramu 200, karibu robo lita kila siku. Hizo ni kalori kama 1,900, chakula cha siku nzima cha mama mtu mzima, na yote ni mafuta. Kwa hiyo anayewaambia kwamba kijiko cha mafuta ya nazi kitamweka mtu kwenye ketosisi anauza picha iliyo kwenye lebo.

Ketosisi yenyewe si uchawi wala si ugonjwa. Ni hali ya mwili kuendeshwa zaidi na mafuta na ketoni pale wanga unapopungua sana au mtu anapofunga muda mrefu. Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 ya mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati, na kwa kawaida hutaka sukari. Miaka ya 1960, George Cahill na wenzake huko Marekani waliwapima watu wanene waliokuwa wamefungishwa chakula wiki kadhaa chini ya uangalizi wa hospitali, wakakuta ketoni ndizo zinazolisha kama theluthi mbili ya mahitaji ya ubongo. Babu zetu waliopita njaa za Unyaturu na Iramba waliendelea kufikiri na kukumbuka njia ya kisima kwa nishati hiyohiyo.

Kwa mtu anayekula ugali wake kama kawaida, kijiko kimoja au viwili vya MCT hupandisha ketoni kidogo kwa saa chache kisha zinashuka. Hiyo si ketosisi ya mtu aliyeacha wanga. Hapa nina ugomvi mdogo na wateja wangu wa keto, yaani wale wanaokata wanga ili waingie ketosisi. Kuna dereva mmoja wa lori ambaye alikuwa akija kulalamika kwamba MCT haimpunguzi. Kumbe kila asubuhi anaichanganya na vijiko vitatu vya asali ya Itigi, kwa kuwa asali ni ya asili. Asali ni ya asili na ni sukari. Halafu kijiko kimoja cha chakula cha MCT kina kalori kama 115. Ukikiongeza juu ya chakula chako kilekile bila kupunguza chochote, utanenepa kwa gharama kubwa kuliko waliojinenepesha kwa chipsi.

Ukitaka kweli kupunguza wanga, Singida haikunyimi: kuku wa kienyeji, nyama ya mbuzi, mlenda, mayai, karanga, mtindi usio na sukari. MCT ni nyongeza ya hiari, na wengi hawaihitaji. Wala usitupe dumu la alizeti. Ndani yake mna asidi ya linoleiki ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, na kwenye MCT haimo hata kidogo. Wazee wangu wa hapa hununa wakisikia mafuta ya ubongo yanatoka ng'ambo wakati wao wamezungukwa na alizeti, na kwa hilo nawaunga mkono nusu.

Nusu nyingine ni utafiti, na utafiti huu una sura mbili.

Wazo la kutumia ketoni kwa ugonjwa wa kusahau halikuokotwa jalalani. Katika ugonjwa wa Alzaima, ubongo hushindwa polepole kuchukua sukari ya kutosha, lakini uwezo wake wa kuchukua ketoni hubaki karibu ule ule. Stephen Cunnane na wenzake wa Sherbrooke, Kanada, waliwachukua watu waliokuwa wameanza kusahau lakini wangali wakijitegemea. Kundi moja likapewa gramu 15 za MCT mara mbili kwa siku kwa miezi 6, jingine likapewa kinywaji kinachofanana chenye mafuta ya kawaida. Waliopata MCT, ubongo wao ulichukua ketoni zaidi ya maradufu, na baadhi ya vipimo vya kumbukumbu na lugha vikapanda kidogo. Baadhi ya vipimo, na kidogo. Kati ya watu 122 walioanza, waliomaliza ni 83, na mojawapo ya sababu za kujitoa ilikuwa tumbo. Kwa upande mwingine, bidhaa ya kapriliki iliyotengenezwa Marekani na kujaribiwa kwa mamia ya wagonjwa wa Alzaima wenyewe ilitoka mikono mitupu mwaka 2017. Watengenezaji wakasema mchanganyiko wao haukupandisha ketoni za kutosha. Huenda ni kweli, lakini mgonjwa hali sababu.

Nikampa mwalimu jibu lililonyooka: hii inaweza kuwa nishati ndogo ya ziada kwa ubongo ulioanza kuchoka. Hakuna aliyeonyesha kwamba inazuia ugonjwa wa kusahau au inaurudisha nyuma. Ukiinunua, inunue ukijua hivyo.

Sasa tumbo, maana ndilo linaloamua.

Nilipoanza kuuza chupa hizi nilitaka kujua ninachouza. Saa kumi na mbili asubuhi nikanywa vijiko viwili vya chakula ndani ya kahawa kavu, sijala kitu, kama nilivyoona vijana wakifanya kwenye simu, kisha nikapanda basi la Manyoni. Kufika Ikungi tumbo lilikuwa linaongea. Mbele kidogo nilimwendea kondakta, akanitazama usoni tu, akamwambia dereva asimamishe watu wachimbe dawa. Miaka thelathini ya uuguzi, na siku hiyo dawa niliyoichimba mimi peke yangu, nyuma ya kichaka kifupi, upepo ukinicheka. Mafuta haya yanapoingia mengi kwa mkupuo kwenye utumbo mtupu, huvuta maji. Tumbo husokota, kichefuchefu huja, na kuhara hakuombi ruhusa.

Kwa hiyo anza na kijiko kimoja cha chai, mililita 5, mara moja kwa siku, katikati ya chakula au juu yake. Kaa hapo siku tatu au nne. Tumbo likitulia, ongeza kijiko kingine cha chai kwenye mlo mwingine. Endelea hivyo taratibu, wiki mbili au zaidi, mpaka ufike kijiko kimoja cha chakula mara mbili kwa siku kama kweli unakihitaji kiasi hicho. Wengi hutulia kwenye kijiko kimoja tu. Tumbo likikataa, rudi hatua moja nyuma. Likikataa tena, basi mwili umesema. Anayefunga Ramadhani asiyafungulie haya: futari kwanza, mafuta baadaye, na kidogo.

Yamiminie juu ya mlenda, maharage, kachumbari ya parachichi au uji wa ulezi uliopoa kidogo. Usiyakaangie. Huanza kutoa moshi mapema kuliko mafuta yaliyosafishwa ya kupikia, na kwa bei yake, kukaangia maandazi ni kuchoma noti. Usiyaweke pia kwenye vile vikombe vyepesi vya kutupa vya misibani na harusini, kwa kuwa hulainisha aina hiyo ya plastiki. Tumia glasi au bati.

Kuhusu maumbo yake mengine sitapoteza wino mwingi. Vidonge vingi vina gramu 1 kila kimoja, kwa hiyo kijiko kimoja cha chakula ni vidonge kumi na vinne hivi. Unga wa MCT mara nyingi huchanganywa na wanga au protini ya maziwa ili ushikane. Soma nyuma ya kopo, siyo mbele. Mbele ni tangazo. Nyuma utafute gramu za kapriliki na kapriki, ambazo huandikwa C8 na C10, na ukikuta lauriki au C12 ndiyo inayoongoza, hayo ni mafuta ya nazi yaliyovaa suti. Chupa iliyoandikwa kuwa ni ya kuchua ngozi usiinywe hata kama muuzaji anaapa kwamba ni kitu kimoja. Tangu Julai 2019 usalama wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na ile TFDA tuliyoizoea ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho, lirudishe lilikotoka.

Nije kwa wale ambao nikiwaona wanaikaribia rafu hiyo hutoka nyuma ya kaunta.

Wa kwanza ni mwenye kisukari, hasa wa aina ya kwanza anayechoma insulini. Ketoni za ketosisi ya chakula ni chache na damu inazimudu. Insulini ikikosekana, ketoni hufurika, damu inakuwa na asidi, na mtu anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Dalili zake ni kiu kali, kichefuchefu na kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na kwa kina, pumzi yenye harufu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, halafu kuchanganyikiwa. Angalieni jinsi kichefuchefu na maumivu ya tumbo vinavyofanana na usumbufu wa kawaida wa MCT. Mgonjwa wa kisukari anaweza kukaa nyumbani akisema ni yale mafuta tu, wakati ni maji ya shingo. Kuna pia dawa mpya za kisukari zenye majina yanayoishia na gliflozini, kama dapagliflozini na empagliflozini. Anayezitumia anaweza kupata janga hilohilo huku kipimo cha sukari kikionyesha namba isiyotisha. Huyo asiache wanga wala asianze MCT bila daktari wake. Na anayemeza glibenklamaidi akiacha ugali ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari itamshukia chini mpaka aanguke. Dawa ndiyo ipunguzwe na daktari, tena kabla ya kubadili chakula.

Mama mjamzito na anayenyonyesha wasiingie kwenye keto. Maziwa yanahitaji sukari kuyatengeneza, na wapo wanyonyeshaji waliolazwa na asidi kwenye damu kwa sababu ya kukata wanga tu, bila kisukari chochote. Mwenye ini lililokakamaa naye akae mbali, kwani mzigo wote wa mafuta haya unashushwa mlangoni kwa ini.

Mwenye lehemu mbaya ya juu asijaze nyumba mafuta ya nazi kwa jina la ubongo. Mafuta ya nazi hupandisha lehemu hiyo ukilinganisha na mafuta kama ya alizeti. Na mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet kuhusu ugonjwa wa kusahau iliongeza lehemu mbaya ya umri wa kati kwenye orodha ya mambo yanayochangia ugonjwa huo. Yaani mtu anaweza kuwa anakunywa kijiko cha kuokoa kumbukumbu huku kinazichimbia shimo.

Halafu kuna mzee anayepaliwa. Mzee aliyepata kiharusi, au ambaye kusahau kumefika mbali mpaka anasahau kumeza, usimmiminie mafuta mdomoni kwa kijiko wala kwa bomba la sindano. Maji yakiingia kwenye njia ya hewa mtu hukohoa. Mafuta huteleza kimya mpaka kwenye mapafu, na nimonia yake ni ngumu kutibu. Hilo ni kwa watoto wachanga pia, na bibi zao wenye chupa za samli wanisikie, nasema kwa heshima zote, shikamoo zenu.

Nimeacha kifafa mwisho kwa kuwa huko ndiko mafuta haya yana historia ya kweli, na huko ndiko kosa linauma zaidi. Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo kwa wenye kifafa. Mwaka 1971 Peter Huttenlocher akaleta namna ya kukipanga kwa MCT ili mtoto aweze kula wanga kidogo zaidi. Hadi leo hospitali kubwa duniani hukitumia kwa watoto ambao dawa zimewashinda. Lakini hupimwa kwa gramu, mezani kuna mtaalamu wa lishe, damu inaangaliwa, na hata sukari iliyo kwenye dawa ya maji ya kikohozi inahesabiwa. Si kijiko cha kukadiria jikoni.

Mzazi mmoja alinieleza ameacha kumpa mtoto fenobabitoni ili MCT ifanye kazi vizuri. Nilimwomba akae, nikampa maji, nikamweleza polepole kwamba kuikata dawa hiyo ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na kwamba asubuhi ile ile alipaswa kuwa kliniki. Alikwenda.

Na kifafa cha huku kwetu kina mambo yake. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alipofika Mahenge mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuta wagonjwa wengi wa kifafa wamefichwa, wamejaa makovu ya moto wa kupikia, akaanzisha kliniki kwa ajili yao. Jirani na sisi, kwenye Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ambayo inahudumia hata watu wetu wa Mkalama, watafiti wameonyesha kwamba sehemu ya kifafa cha ukanda huo inatokana na vifuko vya tegu la nguruwe kwenye ubongo. Wapenda kitimoto nisikilizeni vizuri, maana wengi hulipindua jambo hili. Nyama yenye lava isiyoiva inakupa mnyoo tumboni. Vifuko vya ubongoni vinatokana na kumeza mayai ya mnyoo huo, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuvipata kwenye mboga iliyooshwa kwa maji machafu au kwenye mkono wa mpishi. Choo, sabuni, nguruwe wafungiwe, nyama ikaguliwe na iive. Hakuna chupa ya MCT itakayoufanyia ubongo wa mtu wa Mkalama kazi kubwa kuliko hiyo.

Nikarudi kwa mama wa mwalimu. Kabla ya kufungua chupa, nilisema, tujue kwanza nani anaunguza hizo sufuria: ni kumbukumbu, ni masikio, ni macho, au ni kitu anachomeza?

Mwaka 2009 na 2010 watafiti walizunguka vijiji vya Hai, Kilimanjaro, wakiwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea. Walikuta kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kusahau. Kutokana na kazi ile kikatengenezwa kipimo kifupi kwa ajili ya wazee wetu, na kitu kimoja ndani yake nakipenda. Badala ya kumpa bibi ambaye hajawahi kushika kalamu achore umbo, unampangia njiti za kiberiti mezani, kisha unamwomba apange zake vivyo hivyo. Hakimwaibishi mtu asiyesoma. Aliyesahau njia ya kufikiri utamwona njiti zikimchanganya mkononi.

Tulikwenda kwa mama huyo Mandewa Jumapili mchana. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona umebeba kiberiti na mimi nina jiko la gesi?" Akazipanga njiti nne bila kosa, akaniuliza kama kuna mtihani mwingine. Lakini nilipomwita jina nikiwa nyuma yake, hakugeuka. Na dirishani, kando ya miwani yenye kioo kimoja, palikuwa na karatasi ya vidonge vya klofeniramini, ile tunayoiita Piriton. Alikuwa anameza viwili kila usiku apate usingizi, mwaka wa pili sasa. Dawa za namna hiyo huzubaisha wazee, huwachanganya, na hawajui kama ni dawa. Juu ya hapo ana kisukari, ametumia metfomini miaka mingi, na metfomini huweza kushusha vitamini B12, ambayo ikipungua nayo huleta kusahau. Presha yake siku ile ilikuwa 172 juu ya 98.

Nikamwandikia mwalimu kwenye karatasi: kliniki, presha, sukari, B12, tezi, masikio, macho, na Piriton iachwe. MCT niliiweka mwisho, kijiko cha chai juu ya mlenda, kama daktari akikubali baada ya kuona dawa zake zote, na kama mama mwenyewe anataka.

Septemba mwalimu alipita kununua panadoli. Mama anameza dawa ya presha, amepata miwani yenye vioo viwili, anaamka mapema na kugombana na redio. Bado anasahau majina ya wajukuu, ila kwa kuwa wako kumi na saba sikulichukulia uzito. Daktari aliruhusu kijiko cha chai, mama akakijaribu wiki mbili, akasema hakina ladha, akarudi kwenye alizeti.

"Na ile chupa iliyoganda?" nikamuuliza.

"Wajukuu wanapakaa nywele."

Nikamhudumia panadoli zake, nikamrudishia chenji.